Maji ya Ngarambe Yalikuwa ya Nini?

Kama umesoma shule ya Tanzania, swali hili ulishakutana nalo: eleza sababu za kushindwa kwa Vita vya Majimaji. Majibu tuliyakariri. Silaha duni. Umoja hafifu. Njaa. Halafu, mahali fulani katikati ya orodha, imani potofu: watu walidhani maji ya dawa yatageuza risasi za Mjerumani kuwa maji matupu. Mwalimu anaweka vema, unapata alama yako, darasa linahamia Vita Kuu ya Kwanza.

Mimi alama yangu niliipata. Ila kulikuwa na jambo ambalo sikulisema darasani. Nyumbani kwetu Kibiti, bibi yangu naye alikuwa na maji yake.

Kila asubuhi, akishaswali alfajiri, ushungi bado uko kichwani, bibi alichota maji kwenye kikombe cha bati, akatoka nje, akayamwaga kidogo pembeni ya kizingiti. Kisha akaongea. Hakupaza sauti, wala hakufumba macho kama mtu anayeomba dua. Aliongea kama unavyoongea na jirani aliye upande wa pili wa ua. Aliwaamkia kwanza. Akawataja kwa majina: baba yake, mama yake, dada yake aliyefariki wakati familia ikiishi bondeni. Halafu akawapa habari za nyumba: huyu ana mtihani, yule homa haijashuka, mbuzi aliyepotea juzi kaonekana. Akimaliza, anashika ufagio.

Sikuwahi kuunganisha kikombe kile na lile swali la mtihani. Moja lilikuwa historia, jingine lilikuwa mambo ya bibi. Ilinichukua miaka, na kusoma vitabu ambavyo shuleni hatukuvigusa, kuona kwamba ni jambo moja. Sasa hivi ninaamini kwamba swali lenyewe tuliulizwa vibaya. Kabla ya kuuliza kwa nini maji yalishindwa risasi, tungeuliza kwanza: maji yale yalikuwa ya nini?

Twende Ngarambe. Kijiji hicho kipo kusini mwa Mto Rufiji, katika wilaya ya Rufiji, pembezoni mwa pori ambalo kwa miaka mingi tuliliita Selous. Mwaka 1904 aliishi hapo mganga aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wengi tunamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969. Lakini kabla ya kuwa mhusika jukwaani alikuwa mtu wa kawaida mwenye ndugu na majirani, na hao ndio waliosimulia. Miaka ya 1960, mwanahistoria G.C.K. Gwassa alizunguka vijijini akikusanya kumbukumbu za wazee, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe wakachapisha sehemu ya kumbukumbu hizo.

Wazee walisimulia hivi. Siku moja Kinjikitile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo. Akatambaa kwa tumbo mpaka mtoni, akaingia kwenye kina cha maji. Ndugu zake walijaribu kumshika, wakashindwa. Akapotea. Watu wakalala palepale ukingoni, wengi wakiamini kwamba wameshampoteza. Kesho yake akatoka mzima, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kusema. Alisema waliokufa hawakupotea, wapo kwa Bokero. Alisema simba na chui hawatakula watu tena. Alisema sote ni watu wa ukoo mmoja, ukoo wa Sayyid Said.

Tazama hayo maneno. Wafu, simba, ukoo. Ndiyo yaliyobaki kichwani mwa wazee zaidi ya miaka 50 baadaye. Bunduki bado haijatajwa.

Wala Hongo hakuzuka siku ile. Alihesabiwa kuwa chini ya Bokero, mkubwa wa mizimu ya eneo hilo, aliyekuwa na maskani yake Kibesa kwenye Mto Rufiji. Ukipanda kaskazini-magharibi hadi milima ya Uluguru unamkuta Kolelo, nyoka mkubwa wa pangoni, ambaye Waluguru na Wazaramo walimwendea kwa ajili ya mvua na mazao. Hivyo watu walipoanza kumiminika Ngarambe hawakuwa wanafuata jambo geni. Safari ya kwenda kwa mzimu ilikuwa safari inayojulikana, kama leo tunavyojua basi la kwenda Muhimbili linapopita.

Na walikwenda kuomba nini? Kumbukumbu za Wajerumani wenyewe, ambao hawakuwa na sababu ya kuipamba dini hiyo, zinaeleza kwamba dawa ya maji, mahindi na mtama iliaminika kumkinga mtu na majanga, njaa na maradhi, na hasa kuyalinda mashamba yasiharibiwe na nguruwe pori.

Nguruwe pori! Niliposoma hapo mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mtu wa Rufiji hawezi kumcheka nguruwe pori kwa muda mrefu. Kilimo cha bonde kilikuwa kilimo cha kukesha. Mto ukifurika unaleta rutuba, watu wanapanda mpunga. Maji yakishuka wanapanda tena kwenye unyevu uliobaki. Msimu huo familia nzima inahamia shambani na kulala kwenye dungu, kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo, mchana wakifukuza ndege, usiku wakifukuza nguruwe. Kundi la nguruwe likiingia usiku mmoja, chakula cha mwaka kimekwisha. Na nguruwe haji peke yake. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la *Nature* kuhusu simba wala watu Tanzania. Walihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, Rufiji ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Moja ya sababu walizoziona ni hii: nguruwe wanafuata mazao, watu wanalala shambani kuwazuia nguruwe, na simba wanawafuata nguruwe.

Soma tena maneno ya Kinjikitile ukiwa na hilo akilini. Simba na chui hawatakula watu. Mashamba hayataliwa na nguruwe. Huyo mtu alikuwa anazungumza na watu wanaolala kwenye dungu, juu ya hofu zao za kila usiku. Maji yalikuwa ya shamba kabla hayajawa ya vita.

Kulikuwa na jambo lingine pale Ngarambe ambalo vitabu vya shule vimeliruka. Kinjikitile alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-nungu, yaani nyumba ya Mungu. Waliofika waliiendea kwa sababu humo, iliaminika, mtu anaweza kuonana na wazee wake waliokufa. Hebu fikiri. Unatembea siku kadhaa na mzigo wa chakula kichwani, unapita porini kwenye wanyama, na unachotafuta ni kuwasikia mama na baba. Huwezi kumwelewa huyo msafiri ukimwita askari. Uaskari ulikuja baadaye.

Ulikuja kwa sababu maisha yaleyale ambayo maji yaliyalinda yalikuwa yanabanwa. Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima ambayo wanakijiji walilima kwa zamu, kwa malipo ambayo wengine waliyakataa kwa kuyaona matusi. Siku unayolima pamba ya akida, shamba lako nani analilinda? Kule delta, misitu ya mikoko ambayo watu walikata boriti tangu enzi za mababu ilikwishafanywa hifadhi ya serikali mwaka 1898. Basi anayewakinga watu na kila kinachokula shamba, akaombwa awakinge na Mjerumani pia. Kwa mantiki ya mkulima, Mjerumani na nguruwe walikuwa tatizo la aina moja.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, Kinjikitile alinyongwa Mohoro, palipokuwa na kituo cha Wajerumani. Vita vikaenea bila yeye, hadi Mahenge, hadi Songea. Vilipokwisha mwaka 1907, hesabu ya serikali ya Kijerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya majeshi kuchoma vyakula.

Hapa ndipo penye jambo linalonisumbua, na sidhani kwamba linanisumbua peke yangu. Ukiwa na mzimu ambao umeulisha, umeuamkia, umeutembelea, kisha siku ya risasi mzimu huo usikusaidie, unafanyaje kesho yake? Mtu wa shule atajibu haraka: unaachana nao. Na ni kweli kwamba mengi yalibadilika. Miaka iliyofuata vita Uislamu ulienea kwa kasi kusini-mashariki mwa nchi. Ulikuwa pwani kwa karne nyingi, sasa ukaingia vijiji ambavyo awali haukuwa na nguvu. Leo Kibiti na Rufiji ni nchi ya misikiti na maulidi.

Lakini kikombe cha bibi yangu kilikuwepo. Bibi alikuwa Mwislamu asiyekosa swala, na maji aliyamwaga akitoka kwenye mswala. Kwa hiyo jibu la haraka halitoshi.

Kuna mtu aliyeliona hilo mapema. Mwaka 1903, miaka miwili kabla ya vita, Carl Velten alichapisha kule Ujerumani *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, msomi wa Kiislamu aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Humo anaeleza swala na mazishi, na anaeleza pia mizimu, pepo na ngoma zao. Anaviandika vyote kwa utulivu uleule, kama mtu anayetaja vyumba vya nyumba moja. Kwa Mtoro, kujua namna ya kumpunga mtu pepo ni sehemu ya kuijua pwani, sawa na kujua namna ya kuoa.

Baadaye walikuja watafiti wengine. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1970, kuhusu ibada na alama katika maisha yao, na ndani yake wafu wanashiriki kila kitu: mwali anapotolewa, mtoto anapopewa jina, mtu anapougua bila sababu. Kjersti Larsen aliandika mwaka 2008 juu ya watu na mashetani wa Unguja, akaonyesha jinsi mtu na shetani wake wanavyoishi pamoja kwa miaka.

Sisi wa pwani hatuhitaji kitabu kujua hilo. Unamjua shangazi au mama mdogo ambaye ana mgeni. Anaitwa kiti, kwa sababu pepo hukaa juu yake. Mwanzoni pepo alikuja kama ugonjwa: hasinzii, hali, mimba zinatoka. Wakampeleka kwa fundi, ngoma ikapigwa, pepo akapanda, akaulizwa jina na kabila lake na shida yake. Wengine ni wa Kiarabu, wanataka ubani, marashi ya waridi na halua. Wengine ni wa bara, wanataka vitu vya bara. Wakapatana. Tangu siku hiyo hakuna anayesema kwamba amepona, wala kwamba bado anaumwa. Wana maelewano. Ana nguo yake pepo, ana siku yake, ana chakula asichokipenda na mwenye kiti hakili tena. Akisahauliwa, ananuna. Akikumbukwa, anaweza hata kuonya juu ya safari mbaya. Huo ni uhusiano, na kama uhusiano wowote wa ndani ya nyumba, una raha zake na kero zake.

Mizimu ya ukoo nayo iko hivyohivyo. Inaamkiwa, inapewa unga, maji, kaniki nyeusi au kitambaa cheupe. Inapewa ahadi: mtoto akifaulu tutakuja kusafisha makaburi, tutachinja. Inaombwa radhi. Na inasutwa pia! Nimemsikia mzee mmoja, mbele ya mbuyu, akiwasema wazee wake kama anavyomsema mdogo wake aliyekopa asilipe: kila mwaka tunawaletea, mwaka huu mmetuacha namna hii, mnataka tuwaambie nini watoto? Huwezi kumsuta usiyemwamini. Unamsuta ndugu.

Halafu tazama maji. Mgonjwa anaandikiwa kombe: aya za Qur'ani kwa zafarani juu ya sahani, zinaoshwa kwa maji, anakunywa. Aliyerudi Makka analeta Zamzam kwenye vichupa, kila mtu anapata funda moja. Kijiji kikipata balaa, kunasomwa Halbadiri. Mwalimu wa dini atakwambia kwamba kombe na maji ya Ngarambe ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwa elimu yake ana haki ya kusema hivyo. Mimi si mwalimu wa dini. Nasema tu kwamba mkono unaopokea kikombe ni mkono uleule, na hofu inayoupeleka ni ileile.

Nilipokuwa chuo nilirudi likizo nikiwa nimejaa maneno ya vitabu. Asubuhi moja nikamsubiri bibi amalize, nikamuuliza, na ninakiri nilikuwa na kejeli kidogo: Bibi, hivi wanakusikia? Na wakikusikia, mbona siku nyingine hawafanyi unachowaomba?

Akaniangalia. Bibi zetu hutuita wajukuu wa kiume waume zao, basi akaniambia, "Mume wangu, ukimpigia baba yako simu asipokee, ndiyo umeacha kuwa mwanawe?"

Akaingia ndani kupika uji.

Nadhani lile ndilo jibu la swali langu kuhusu waliobaki baada ya 1907. Kama maji ya Ngarambe yangekuwa mkataba wa ushindi, mkataba ungekufa siku ile risasi ilipopenya. Lakini yalitoka kwenye uhusiano wa zamani zaidi, ambao kila mtu alijua kwamba haukuwa na dhamana. Mvua iliombwa, ikaja au isije. Nguruwe waliombewa, wakapungua au wasipungue. Hakuna aliyekuwa na daftari la kuhesabu mafanikio. Mtu aliendelea kuamkia kwa sababu kutoamkia ni utovu wa adabu. Maafa ya vita yalikuwa makubwa kuliko ukame wowote, na najua wapo walioondoka moja kwa moja. Ila wengi walibeba salamu yao wakaingia nayo msikitini, na baadhi yao kanisani, wakaitafutia mahali pa kukaa.

Kilichoivunja salamu hiyo zaidi ya risasi, kwa maoni yangu, ni kuhamishwa. Mizimu ya kwetu inakaa mahali. Ina mti wake, kina chake cha maji, makaburi yake. Pori kubwa la Selous lilikua juu ya nchi ambayo zamani ilikuwa na vijiji, vingine vikiwa vimekwishapoteza watu kwa vita na njaa, vingine vikahamishwa na Waingereza. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali yetu wenyewe iliwatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vipya vya ujamaa. Nia ilikuwa shule, zahanati na usalama, na mimi ni mtoto wa shule hizo, siwezi kujifanya sikunufaika. Lakini bibi aliacha makaburi bondeni. Kizingiti alichomwagia maji kilikuwa kizingiti cha pili. Kwa umri wangu wote nilidhani pale ndipo mahali penyewe, kumbe alikuwa anapiga simu kutoka mbali.

Desemba 2022 maji yalianza kujazwa kwenye bwawa la Julius Nyerere, na mto ambao Bokero aliwahi kuwa na maskani yake sasa unazungusha mitambo ya umeme. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena kwenye mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Nilikwenda kama mwandishi wa habari, nikauliza juu ya mahema, mbegu na fidia. Yalikuwa maswali sahihi. Sikumuuliza hata mtu mmoja kama anajua makaburi ya kwao yako wapi.

Mbali na hapa, wapo watu wanaotafuta kwa bidii kitu tunachokiacha. Ulaya na Marekani kuna maelfu wanaofufua miungu ya kale. Mwaka 1972 kikundi kidogo kule Iceland kilianzisha chama cha kuifuata miungu ya Kaskazini, na mwaka 1973 serikali ikakitambua kama dini. Wengi wa watu wa namna hiyo wana meza ndogo nyumbani, mshumaa, kikombe cha maji au pombe, na kila asubuhi wanasema maneno machache kwa mungu waliyemchagua. Kwao mnyororo ulikatika karne nyingi zilizopita, hivyo wanaanzia kwenye vitabu na kujifunza upya namna ya kusalimia. Siwacheki. Nikimweka mmoja wao pale kwenye kizingiti cha bibi, naamini angeelewa anachokiona kuliko nilivyoelewa mimi.

Na angeshangaa jinsi tunavyoficha. Sensa ya mwisho kuuliza dini Tanzania ilikuwa ya 1967. Lakini hata ikiulizwa kesho, bibi zetu wote watajibu Uislamu au Ukristo, na watakuwa hawadanganyi. Hicho kingine hakina jina la kuandika kwenye fomu. Jina tulilowapa sisi wengine ni ushirikina. Waingereza walituachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ipo mpaka leo. Kwao, sheria yao ya zamani ya uchawi waliifuta mwaka 1951. Yetu inahusu uchawi, si matambiko, lakini kwenye vyumba vya habari tofauti hiyo hupotea. Nimeandika mwenyewe vichwa vya habari vyenye neno ushirikina bila kuuliza ni kitu gani hasa mtu alikuwa anafanya pale chini ya mti.

Sitaki kupaka rangi. Nchi hii imezika wazee, hasa wanawake, waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa tamaa ya viungo vyao. Wapo waganga wanaokamua wagonjwa mpaka shilingi ya mwisho. Mtu akisema kwamba mizimu ni siasa ya watu wenye hofu, ana ushahidi mwingi mkononi. Ninachokataa ni kapu moja. Anayempa bibi aliyekufa habari za mtihani wa mjukuu na anayeua kwa ajili ya utajiri hawafanyi kazi moja, kama vile anayepika kwa moto na anayechoma nyumba ya jirani hawafanyi kazi moja.

Bibi amefariki. Tulimsomea hitima, ikasomwa arobaini, ubwabwa ukaliwa, watu wakatawanyika. Hakuna aliyetaja kikombe. Asubuhi moja kabla sijarudi Dar niliamka mapema, nikakikuta kwenye kabati la vyombo, bado kina alama ya chokaa ya maji ya kisima. Nikasimama nacho mlangoni. Kwa kweli sikujua maneno. Aliwataja wenzake kwa majina ambayo mimi sikuyashika, kwa sababu miaka yote ile niliyasikia kama kelele za asubuhi. Nilijua jina moja tu, lake.

Basi nikaanza nalo. Nikamwambia yule mwenye homa kapona.

Kama ningepewa tena ule mtihani, ningeandika silaha duni, ningeandika njaa, kwa sababu ni kweli. Pale kwenye imani potofu ningeandika jibu refu kidogo, hata kama mwalimu asingeweka vema. Ningeandika kwamba maji yalikuwa ya shamba, ya kumkinga mtoto anayelala kwenye dungu, ya kumwona mama aliyekufa. Vita viliyakuta yakiwa kazini. Na vilipokwisha, palipobaki mtu na kizingiti, yalirudi kazini.